Siku tano Amani na mama, binti wa mkamata mbu

Jumatano: Dar – Muheza – Zigi

Mama alifunga begi siku tatu kabla ya safari, akalifungua mara mbili kuongeza sweta. Nilimwambia Tanga hakuna baridi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kwao. "Tanga hakuna. Amani ipo."

Mama alizaliwa Amani, huko juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1956, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi. Hajarudi tangu siku hiyo. Mimi nimeisikia Amani maisha yangu yote: ukungu, mti wa dawa ya mafua, Wazungu wanaofuga mbu. Nilipopata likizo ya wiki moja mwezi Julai nikasema basi, twende. Ofisini waliuliza tunakwenda kuona simba gani. Nikawaambia Amani hakuna simba, wala tembo, wala twiga. "Sasa mnafuata nini?" Sikuwa na jibu la maana.

Tuliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Segera hakuna la kusimulia, isipokuwa konda aliyemwita mama "bibi" na kujibiwa kwamba bibi yake yuko kwao. Baada ya Segera mashamba ya mkonge yakaanza, mistari iliyonyooka mpaka jicho linachoka, na mama akaanza kuzungumza.

Baba yake alitoka Njombe akaja Tanga kama manamba, kwa mkataba wa kukata mkonge. Wabena, Wahehe, Wangoni, Wanyamwezi, Wamakonde, wote waliletwa huku kwa sababu wenyeji hawakuutaka mkonge, na kwa kweli nani angeutaka. Hata mkonge wenyewe ulikuwa manamba. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Mashamba yote yale ninayoyaona dirishani yalianzia kwenye miche 62. Mama hakuijua habari hiyo. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Afadhali mkonge, ulihesabiwa waliokufa."

Muheza tulifika saa saba mchana. Machungwa kila upande, kwenye matenga, kwenye mikokoteni, mengine yamemenywa tayari yamepangwa kwenye sinia. Tukala, tukapanda basi dogo la kwenda juu. Lilijaa magunia ya unga, dumu za mafuta, dagaa, na godoro moja lililosafiri likiwa limemfunika mwenyewe. Lami iliisha mara moja. Baada ya kijiji cha Kisiwani barabara ilikuwa na tope la mvua ya usiku. Tairi la nyuma likazama na abiria wote tukashuka, isipokuwa mama na mwenye godoro.

Zigi ndipo lango la hifadhi lilipo. Ukiingia unajiandikisha kwenye nyumba ya zamani yenye baraza pana, ambayo enzi za Wajerumani ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni: kulikuwa na reli ndogo iliyotoka Tengeni, ikapanda hadi hapa kufuata mbao. Reli imeng'olewa zamani. Kilichobaki ni nyumba na mto Zigi unaopiga kelele usiku kucha chini yake. Maji haya haya ndiyo yanayokwenda kunywewa Tanga mjini. Tulilala hapo, katika nyumba ya wageni ya hifadhi, vyumba visafi, chandarua kizima, wali na maharage. Mama alivaa sweta moja tu. Alikiri kwamba hapa chini bado ni joto.

Alhamisi: Kupanda

Mwongozaji wetu, kijana mrefu wa Kisambaa mwenye buti za mpira, alikuja saa moja. "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba bila ubishi. Nadhani ni kwa sababu kijana aliongeza, "Nimesikia umezaliwa huku juu. Basi wewe ndiye mwenyeji, mimi nifuate."

Kabla ya kupanda alitupeleka kando ya kijito, dakika ishirini hivi kwa miguu ya mama. Kuna jiwe kubwa lenye kivuli, linatoka jasho la maji, na kwenye nyufa zake yameota majani mazito yenye manyoya kama sikio la paka, na katikati maua ya zambarau, madogo, yenye kitone cha njano. Wenyeji wanayaita dughulushi. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona huku, akatuma mbegu kwa baba yake Ulaya, na leo ua hili limekaa kwenye vikopo madirishani dunia nzima. Kwa muda mrefu jina lake la kisayansi, Saintpaulia, lilimkumbuka yeye. Nimeliona mwenyewe likiuzwa supamaketi, Dar, limefungwa utepe. Hapa halina utepe. Nilitaka kugusa, kijana akasema angalia tu, jiwe likikauka kwa kukatwa miti ya juu, ua linakufa na kizazi chake.

Mama aliinama akaliangalia kwa muda mrefu. "Hili silikumbuka," akasema, na ikamuuma kweli, kana kwamba mtu amemkuta na deni.

Kutoka Zigi hadi Amani barabara inapanda kwa kona kali, moja juu ya nyingine. Mpango wangu ulikuwa tutembee nusu. Mpango wa mama ulikuwa pikipiki, tena yeye ndiye aliyeita. Alikaa nyuma ya dereva kwa upande, kitenge kimekazwa, mkono mmoja kwenye bega la kijana wa watu, na akanipita kwenye kona ya tatu bila kugeuka. Mimi nilitembea na mwongozaji, na nashukuru. Unapopanda, hewa inabadilika hatua kwa hatua, jasho linakauka, miti inakuwa mirefu, mingine ina mizizi iliyosimama kama kuta, mtu anaweza kujificha katikati yake. Juu ya vichwa vyetu walipita hondohondo wawili. Mbawa zao zinavuma, unasikia kabla hujaona. Kisha mbega, kundi zima, weusi wenye mabega meupe, wamekaa wakitutazama kama wazee wa baraza.

Tulikofikia ni kambi ndogo ndani kabisa ya msitu, nje kidogo ya kijiji: mahema ya kudumu chini ya mapaa ya majani, vibanda viwili vya mbao, sehemu ya kulia isiyo na ukuta. Hakuna jirani. Umeme wa jua unatosha taa na simu moja. Mtandao unapatikana ukisimama kwenye jiwe fulani, na wahudumu wanaliita jiwe hilo "posta". Maji ya moto yanaletwa kwenye ndoo ukiagiza. Nimewahi kulala kwenye hoteli za bei mara tatu ya hii nikasikiliza disko la jirani hadi alfajiri.

Hapa sauti ilikuwa nyingine. Saa nne usiku kitu kikaanza kulia juu ya mti: mkwaruzo kama mlango wenye kutu, unapanda, unapanda, halafu unakuwa yowe la mtu anayekabwa. Nilikaa kitako. Kutoka kitanda cha pili nikasikia mama anacheka gizani.

"Perere," akasema. "Mnyama wenyewe mkubwa kama sungura. Baba alikuwa anatuambia ni karani wa Mzungu anaota hesabu hazijakubali."

Ijumaa: Taasisi, mti wa mafua na kota

Siku hii ndiyo iliyotuleta, kwa hiyo nitaikalia.

Amani iko kwenye mita kama 900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Walileta miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu: mianzi, mikaratusi, mivinje, mdalasini, kahawa za kila aina, mikwinini. Vita vya kwanza vilipokuja na meli zao zikazuiwa baharini, kwinini ya askari wao ilitengenezwa hapa hapa. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua. Bustani bado ipo, ila sasa msitu umeingia ndani ya bustani na bustani imetoka ikaingia msituni, huwezi kusema mpaka uko wapi. Baadhi ya miti ina vibao vya chuma vyenye majina ya Kilatini, vingine vimemezwa na gome, yamebaki herufi mbili.

Kuna jambo moja la Amani ambalo nadhani lingetakiwa kuandikwa kwenye kila gunia la muhogo. Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza mihogo. Watafiti hapa wakachukua muhogo wa kawaida wakauzalisha na mpira, ule mti ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya utomvu na sisi tumebaki tunapika majani yake. Naam, kisamvu cha mpira. Kizazi kilichotokea kikarudishwa tena na tena kwa muhogo hadi kikapata mizizi ya kulika na uvumilivu wa ugonjwa. Mbegu zake zilifika hadi Nigeria, na kutoka huko damu hiyo ya Amani imeingia kwenye mihogo bora inayolimwa sehemu nyingi za Afrika. Nilimwambia mama. Akasema muhogo wa Muheza wa juzi ulikuwa na nyuzi, pengine ni damu ya mpira hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa kilimo walikuwa wamehamia Muguga, Kenya, na nyumba zao wakaingia watu wa malaria. Babu alikuwa amemaliza mikataba yake ya mkonge, akasikia huku juu kuna kazi. Kazi yenyewe: kukamata mbu. Walikuwa wanashuka vijijini kabla jua halijachomoza, wanaingia kwenye nyumba za watu na tochi na mrija, wanamnyonya mbu aliyelala ukutani na kumpuliza kwenye kikombe kilichofunikwa chandarua. Usivute kwa nguvu, utammeza. Wataalamu walikaa kwenye baridi ya huku, mbu wakaletwa wakiwa kwenye vikombe. Mama anasema baba yake alikuwa anaweza kumtambua anofelesi kwa jinsi alivyokaa tu, makalio juu, na hata alipostaafu alikuwa akikatiza mazungumzo kutazama ukuta.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 taasisi ilibaki upande wetu, ikawa sehemu ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na miaka mingi baadaye shughuli kubwa zikateremshwa Muheza. Majengo yapo. Tulizunguka nje: kuta nene, madirisha ya mbao yamefungwa, nyasi zimefyekwa vizuri. Mlinzi mzee alitusalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi," na mama akaitikia bila kufikiri, halafu akashika mdomo. Hakujua kwamba jibu bado analo.

Mti wa mafua tuliupata. Mwongozaji aliuita mkafuri. Mama aliokota jani chini, akalivunja, akalinusa, akafumba macho. Walikuwa wanajaza majani haya puani wakienda shule siku za baridi, darasa zima linanuka karafuu maiti. Nilinusa na mimi. Ni harufu ya kabati la bibi, ya sanda, ya dawa ya kuchua, vyote pamoja.

Kota hazikwenda vizuri. Alikuwa na hakika: mstari wa nyumba, ya tatu kutoka bombani, ina ngazi mbili. Tulikuta mstari wa nyumba. Bomba halipo. Ukianzia juu, ya tatu ina ngazi moja. Ukianzia chini, ya tatu haina ngazi kabisa. Ya nne ina mbili. Mama alikwenda na kurudi mara kadhaa, akisimama mbele ya kila mlango kama mkaguzi, mpaka mama mmoja wa makamo akatoka na mtoto mgongoni kuuliza kama sisi ni watu wa sensa. Tulipoeleza alileta vigoda, akatutolea chai ya iliki na viazi vya kuchemsha. Iliki ya kwao, imevunwa msituni kwa shemeji. Mama alikunywa akiangalia huku na huku.

"Choo kilikuwa wapi?" akauliza ghafla.

"Zamani? Kule, nyuma ya ule mwembe."

"Ukitoka mlangoni unakwenda kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Basi siyo hii," akasema. Akamaliza chai yake, akashukuru, na hakuzitazama tena nyumba zile. Mpaka leo sijui kama alisikitika au alipata nafuu.

Usiku mwongozaji alirudi na tochi. Nilidhani mama atalala. Alikuwa amevaa sweta mbili tayari. Tulitembea polepole kwenye njia nyuma ya kambi. Kinyonga akilala usiku rangi yake inafifia, ukimmulika anang'aa kama karatasi kwenye jani. Tuliona sita au saba. Mmoja alikuwa dume mwenye pembe tatu usoni, mkubwa, wa aina iliyopewa jina la Derema, jirani tu na hapa. Mwingine alikuwa mdogo kama kidole changu cha mwisho, kahawia, unaapa ni jani kavu. Kisha kijana akachuchumaa kwenye majani yaliyooza. Chura. Mdogo, wa rangi ya udongo, tumbo limemjaa.

"Huyu hatagi mayai kwenye maji," akasema. "Huyu anabeba tumboni, anazaa vyura kamili, wana miguu yote. Hakuna kiluwiluwi."

Mama akachuchumaa pia, magoti yakalia. "Anazaa? Kama mimi?"

"Kama wewe, bibi."

"Wangapi?"

"Wengi kuliko wewe."

Alikaa pale mpaka tochi ikaanza kufifia. Njia ya kurudi tulikanyaga siafu, na hayo mengine siyasimulii.

Jumamosi: Mbomole, na ugomvi juu ya mti

Mvua hadi saa nne. Mama alishona kifungo, mimi nililala.

Mchana tulipanda kilima cha Mbomole, taratibu, tukipumzika kwenye kila kona. Juu unaona mambo mawili: msitu, na chai. Chai imekatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, kijani kibichi kinachoumiza macho, na msitu umesimama pembeni yake umekunja uso. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini. Wenyeji walizoea kulima iliki chini ya miti. Sehemu nyingine, kama Derema, walilipwa fidia watoke. Wengine waligeukia kufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado pupa, ndani ya ganda, biashara nzuri, mpaka mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai. Zuio halikuchagua, na vipepeo wakaingia humo humo. Mwongozaji alilisimulia bila hasira. Dada yake alikuwa na banda la vipepeo. Sasa anauza vitumbua.

Kisha akaonyesha mti. Mrefu, mwembamba, gome jeupe. Mhesi. Umo kila mahali, na kwao asili yake ni Ziwa Victoria, Uganda na Kongo. Ulipandwa Amani enzi za Wajerumani, ukatulia. Baadaye, magogo yalipokuwa yakikatwa kwa wingi hadi ukataji ukasitishwa miaka ya 1980, msitu ukafunguka, na mhesi ukaingia kila uwazi. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza na kupanda mbegu wanakokwenda. "Ni mvamizi," akasema.

Mama hakupenda neno hilo. "Kwani umekuja wenyewe? Umeletwa. Mkonge umeletwa, chai imeletwa, baba yangu ameletwa. Miaka mia umekaa hapa bado mnauita mgeni?"

Kijana alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Bibi, sisemi kosa lake ni kuja. Mti mmoja ukianguka hapa, zamani ungeona miche ya aina kumi inagombea lile jua. Sasa unaota mhesi peke yake. Na chini yake udongo unabadilika, wale wadudu hawakai, yule chura wa jana hakai."

"Yule mzazi?"

"Huyo huyo."

Mama aliutazama mhesi tena, juu hadi chini. "Basi ukatwe kiasi," akasema, kwa sauti ya mtu anayepunguza adhabu ya mwanawe.

Jumapili: Kurudi

Basi la kwanza linashuka alfajiri kukiwa bado giza. Wahudumu walitufungia mayai na maandazi. Mwongozaji alikuja kutusindikiza ingawa hatukuwa tumemlipa siku hiyo, na mama akampa sweta moja, ile ya bluu, ambayo nilimnunulia mimi.

Kushuka hakuna hadithi. Zigi, Kisiwani, joto likirudi kona kwa kona. Muheza tulinunua machungwa hamsini, mengi kupita kiasi, na yalitutesa hadi Mbezi.

Basi la Dar halikuwa limejaa. Baada ya Segera konda alikuja kukagua tiketi, mtu mchangamfu, akaona buti zetu zenye tope jekundu.

"Mmetoka mbugani, mama? Mmeona wanyama?"

"Tumeona."

"Tembo?"

"Chura," mama akasema. "Mjamzito."

Konda akacheka akidhani anataniwa, akapiga tundu kwenye tiketi, akaenda zake.